Anayeulizwa Ajibu Mwenyewe

Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo wa wilaya za Ngara na Biharamulo

Mazungumzo haya tumeyaandika hapa kama tulivyoyasema, ili asiyekuwapo naye asome, na aliyekuwapo amsomee jirani yake.

Tuanze na mizani. Wengi wetu tulipoingia darasa la kisomo tulikuwa na sababu hiyo moja. Mkulima anapeleka kahawa yake. Mnunuzi anaiweka kwenye mizani, anatazama mshale, anaandika kitabuni. Mkulima asiyejua kusoma anapokea anachoambiwa, basi. Siku tulipoweza kusoma mshale wenyewe, hatukudanganywa kirahisi tena.

Leo tutazungumza habari ya mizani nyingine. Mizani hii haipimi kahawa wala maharage. Inapima uongozi, na inapima usawa wa wanawake na wanaume. Jina lake ni utafiti wa maoni ya wananchi. Msichanganye na kura ya maoni. Kura ya maoni ni kura hasa: watu hupiga ili kuamua jambo au kuchagua mtu. Utafiti wa maoni hauamui jambo. Unauliza watu wachache waliochaguliwa kwa utaratibu maalumu, ili kujua watu wengi wanaishi namna gani na wanafikiri nini.

UONGOZI UNA KILO NGAPI?

Mtu atauliza: "Ninyi, uongozi utapimwaje? Una kilo ngapi?" Swali hilo ni zuri.

Uongozi hauwekwi juu ya mizani, ni kweli. Lakini matendo ya uongozi yanahesabika. Tukimwuliza mtu, "Je, uongozi wa kijiji chako ni mzuri?", atajibu "Mzuri tu", na hatutajua kitu. Lakini tumwulize hivi: Je, mwaka uliopita ulihudhuria mkutano wa kijiji? Je, mapato na matumizi yalisomwa? Je, ulipokwenda zahanati ulidaiwa chochote kisichokuwa na stakabadhi? Je, mama akisimama mkutanoni kusema, anasikilizwa? Maswali hayo yana majibu. Majibu yakikusanywa, yanahesabiwa. Ukisikia kwamba watu 60 katika kila 100 hawajawahi kusomewa mapato na matumizi, hapo umeupima uongozi.

Karatasi yenye maswali hayo huitwa dodoso. Mtu anayekuja kuuliza huitwa mdadisi. Siku hizi wadadisi wengi hawana karatasi tena. Wana kifaa kama simu kubwa, wanabonyeza majibu humo. Mkimwona anabonyeza, msidhani anacheza. Anaandika.

KIJIKO KIMOJA NA BAMBO

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima. Wanawake walikuwa 51 katika kila 100. Watafiti wa maoni hawaulizi watu wote hao. Mara nyingi wanauliza watu wapatao 2,400 tu. Je, inawezekana 2,400 waseme habari za milioni 61?

Akina mama wanajua jibu. Mama akitaka kujua kama mchuzi una chumvi ya kutosha, hanywi chungu kizima. Anaonja kijiko kimoja. Lakini kwanza anakoroga. Asipokoroga, kijiko kitasema uongo, maana chumvi huenda imebaki chini.

Mfanyabiashara wa maharage naye anajua. Hafungui gunia na kumwaga yote chini. Anachoma bambo. Mfanyabiashara mwerevu hachomi mahali pamoja. Anachoma juu, anachoma ubavuni, anachoma chini. Kwa nini? Kwa sababu anajua mtu anaweza kuweka maharage safi juu na yenye vumbi chini.

Watu wanaoulizwa huchaguliwa hivyo hivyo. Watafiti hawachagui watu wanaowajua, wala wenye nyumba za bati, wala walio karibu na barabara kuu ya Lusahunga. Wanachagua kwa bahati nasibu. Kwanza maeneo yanachaguliwa kwa bahati nasibu, kisha nyumba katika eneo, kisha mtu ndani ya nyumba. Hivyo ndivyo chungu kinavyokorogwa.

KAZI HII IMEKWISHA FANYWA KWETU

Jambo la kuulizwa maswali si geni Kagera. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Benki ya Dunia walifanya utafiti mkubwa katika mkoa wetu. Walichagua kaya zaidi ya 900 katika vijiji na mitaa 51, Ngara na Biharamulo zikiwamo. Wakati ule ukimwi ulikuwa unamaliza watu wazima. Walitaka kujua: mtu mzima akifa, nyumba yake inakuwaje? Watoto wanaendelea na shule? Shamba linalimwa na nani? Walirudi tena mwaka 2004, na tena mwaka 2010, wakiwatafuta watu wale wale, hata waliohamia mbali. Huo ulikuwa hasa utafiti wa maisha ya kaya.

Utafiti wa maoni juu ya uongozi nao upo. Mmoja unaitwa Afrobarometer. Ulianza Tanzania mwaka 2001, na hufanywa pia katika nchi nyingi nyingine za Afrika, kwa maswali yanayofanana. Kwetu umefanywa kwa miaka mingi na taasisi ya REPOA ya Dar es Salaam. Huuliza habari za rushwa, za imani juu ya viongozi, na za huduma. Huuliza pia kama wanawake wapewe nafasi sawa na wanaume ya kuchaguliwa kuwa viongozi. Utafiti mwingine ni Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza. Huo ulianza kupiga simu mwaka 2013. Kaya zipatazo 2,000 za Tanzania Bara zilichaguliwa, zikapewa simu na chaja ya jua, zikawa zinapigiwa na kuulizwa.

KARATA IMEMWANGUKIA MAMA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe lililotuleta.

Tuseme mdadisi amefika kijiji kimoja huko Rulenge, au Nyakahura, popote. Anabisha hodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mama, leta kiti."

Mdadisi anajieleza, anaonyesha kitambulisho na barua yake. Kisha anasema kwamba katika nyumba iliyotangulia alimwuliza mwanamume, kwa hiyo hapa zamu ni ya mwanamke. Huo ndio utaratibu wa Afrobarometer. Nyumba hii mwanamume, nyumba inayofuata mwanamke, ili mwishoni wanawake wawe nusu na wanaume nusu. Basi anaandika wanawake wote wa nyumba wenye miaka 18 na zaidi. Kisha inachaguliwa namba kwa bahati nasibu, kama kuvuta karata. Karata inamwangukia mama mwenye nyumba.

Hapo mzee anacheka. "Huyu? Huyu hajui mambo ya serikali. Niulize mimi. Mimi ndiye msemaji wa nyumba hii."

Na mama naye, akiwa mlangoni, anasema, "Ndiyo, mwulize baba watoto. Mimi sijui."

Ndugu zangu, hapo ndipo mizani inapoharibika. Hebu tutazame kwa nini.

Swali moja linasema: Mnachota maji wapi, na inachukua muda gani? Mzee atajibu, "Maji yapo, si mbali." Kwake si mbali, maana hachoti yeye. Mama anayeamka alfajiri na ndoo angejibu kwa saa na dakika. Swali jingine: Ulipokwenda zahanati, dawa zilikuwapo? Ulisubiri muda gani? Nani katika nyumba hii alimbeba mtoto kwenda zahanati? Swali jingine: Je, mwanamke wa hapa akifiwa na mume, anaachiwa shamba? Nani anajua zaidi hofu ya jambo hilo?

Mama aliyesema "sijui" anajua sana. Hakuzoea kuulizwa, basi. Na mdadisi akipata "sijui", anaandika "sijui". Huko Dar es Salaam hesabu inapofanywa, jibu hilo haliwi "ndiyo" wala "hapana". Mama wa Rulenge aliyekuwa na neno la kusema anakuwa kama hakuwapo.

Kama wazee wote wakijibu badala ya akina mama, mkubwa anayesoma matokeo ataona karatasi inayosema wanawake 1,200 waliulizwa. Kumbe walioulizwa ni wanaume 2,400. Bambo limechomwa upande mmoja wa gunia. Kisha serikali ikipanga visima na zahanati kwa hesabu hiyo, tutalaumu nani?

Kwa hiyo neno letu la kwanza ni hili: aliyeangukiwa na karata ajibu mwenyewe, kwa kinywa chake, bila kusemewa. Wazee, mkipisha mama ajibu peke yake, heshima yenu haipungui. Kwanza itakuja siku karata iwaangukie ninyi, na hapo mama naye asiwajibie.

"ANALETA NINI? AMETUMWA NA NANI?"

Sisi wa mpakani tuna historia yetu ya kuhesabiwa. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24 hivi. Waliwekwa Benako, wakahesabiwa ili wapewe chakula. Kwa hiyo mpaka leo baadhi yetu tukimwona mtu na orodha, tunauliza: "Huyu analeta nini?" Wengine wanajitia umaskini kuliko walivyo, wakitumaini msaada. Wengine wanaogopa kwamba wametafutwa kwa kodi.

Utafiti wa maoni hauleti chakula, na hauleti kodi. Ukidanganya ili upate kitu, hupati kitu, na mizani umeiharibu.

Ipo na hofu nyingine. Tunaogopa kumsema kiongozi. Dodoso la Afrobarometer linajua hofu hiyo. Mwishoni mwulizwaji huulizwa: unadhani nani ametutuma? Wapo wengi wanaojibu kuwa ni serikali, ingawa si serikali. Sasa mtu anayedhani anaongea na serikali atasema yote yaliyo moyoni?

Utafiti ule wa kwanza, wa mwaka 2001, uliwashangaza wasomi. Watanzania walionekana wanawaamini sana viongozi wao, ingawa hali ya maisha ilikuwa ngumu. Dakta Amon Chaligha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wakaandika wakiuliza: Je, hawa ni wananchi wasiokosoa, au ni watu wenye subira? Swali hilo tunaweza kujiuliza sisi wenyewe. Tukisema "Hatujambo, mambo mazuri" kila tunapoulizwa, ni kweli mambo ni mazuri, au ni adabu tu?

Lakini tusidanganyane kwamba hofu haina sababu. Mwezi Julai 2018 Twaweza walitangaza matokeo yao. Waliosema wanakubali kazi ya Rais John Magufuli walikuwa 55 katika kila 100. Mwaka 2016 walikuwa 96. Magufuli tunamfahamu. Alizaliwa Chato, wakati Chato ikiwa bado ndani ya wilaya ya Biharamulo, na aliwahi kuwa mbunge wa Biharamulo Mashariki. Baada ya kutangaza, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliwaandikia Twaweza barua. Iliwataka waeleze kwa nini wasichukuliwe hatua kwa kufanya utafiti bila kibali. Mkurugenzi wao akanyang'anywa hati ya kusafiria. Mwezi Septemba mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ilibadilishwa, ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Mwezi Juni 2019 Bunge likaibadili tena, na kosa hilo likaondolewa.

Sisi tunasema hivi. Mkulima akiona kahawa yake imepungua uzito, haipigi mizani rungu. Anarudi shambani kutazama mibuni ina ugonjwa gani. Kiongozi naye afanye vivyo hivyo. Na mizani inayotaja uzito ule ule kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, hiyo imekufa.

WENGI WAKISEMA, NDIYO HAKI?

Sasa jambo gumu zaidi. Tuseme watu wote wamejibu kweli. Je, wanachosema wengi ndicho haki?

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Ilizunguka nchi ikiuliza: tuendelee na chama kimoja au tuwe na vyama vingi? Ilipata maoni ya watu zaidi ya 36,000. Katika kila 100, karibu 80 walitaka chama kimoja kiendelee, na wengi wa hao walitaka kirekebishwe. Karibu 20 walitaka vyama vingi. Pamoja na hayo Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikaruhusiwa. Tume iliona kwamba 20 katika kila 100 ni watu wengi, nao wana haki ya kuwa na chama chao. Maoni yalihesabiwa, kisha yakatumika pamoja na busara.

Sasa tazameni hesabu hii nyingine. Katika utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016, watu waliulizwa: Je, mume ana haki kumpiga mkewe akiunguza chakula? Akibishana naye? Akitoka bila kuaga? Akiacha watoto bila uangalizi? Akimnyima unyumba? Wanaume waliosema ndiyo, angalau kwa sababu moja kati ya hizo, walikuwa 40 katika kila 100. Wanawake waliosema ndiyo je? Walikuwa 58.

Tuliposoma tarakimu hizo mkutanoni palikuwa kimya. Mzee mmoja akasema, "Mnaona? Wenyewe wanakubali." Mama mmoja akamjibu, "Mzee, mtu aliyebeba mzigo tangu utotoni hudhani ni sehemu ya mgongo wake."

Sisi tuliongeza jambo moja tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Hata kama 58 wangekuwa 100, sheria ingebaki hapo. Basi utafiti huu una kazi gani? Unatuonyesha umbali uliopo kati ya sheria na mioyo yetu. Umbali huo ndio kazi iliyobaki, kwa walimu, kwa wazee wa dini, na kwa sisi wazazi.

Mfano mwingine ni wa ardhi, na ni wa hapa hapa Kagera. Bi Holaria Pastory alirithi shamba la baba yake kwa wosia, akaliuza. Mtu wa ukoo wake akamshtaki kule Muleba, akidai kwamba kwa mila mwanamke haruhusiwi kuuza shamba la ukoo. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Mwanza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mila ya kumbagua mwanamke hivyo inapingana na Katiba. Kama ukoo ungepiga kura siku ile, tunadhani yule mama angeshindwa. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Sheria hiyo inataka pia Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na kati yao wanawake wasipungue watatu.

TAIFA LIMEPIMWA, JE, KIJIJI CHETU?

Ipo hesabu moja tuifanye pamoja. Afrobarometer huuliza watu wanane katika kila eneo. Gawanyeni 2,400 kwa nane. Mnapata maeneo 300 kwa nchi nzima. Mkoa wa Kagera una watu karibu milioni tatu, yaani karibu watano katika kila Watanzania 100. Basi Kagera itapata maeneo kama 14 au 15. Tuna wilaya na manispaa nane za kugawana. Ngara huenda ikapata maeneo mawili, watu 16. Biharamulo vivyo hivyo, na pengine eneo moja tu.

Je, watu 16 watasema habari za Ngara nzima? Hapana. Kijiko kile kilionja chungu cha taifa. Na hata kwa taifa, matokeo yana pengo la kama mbili juu na mbili chini. Wakisema 55, huenda kweli ni 53 au 57. Mtu akiwaambia, "Utafiti umeonyesha watu wa Ngara wanataka hivi", mwulizeni kwanza: mliuliza watu wangapi wa Ngara? Mliwachaguaje? Wanawake walikuwa wangapi?

Kwa hiyo kijiji kinachotaka kujijua kijipime chenyewe. Si kazi ya msomi. Inahitaji mahindi, maharage, na madebe mawili.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Watu wakiisha kukusanyika, kila mtu apewe punje moja ya hindi na punje moja ya harage. Hindi ni ndiyo. Harage ni hapana. Debe moja ni la akina mama, jingine la akina baba, yote yamefunikwa gunia lenye tundu. Mwenyekiti asome swali moja lililo wazi. Kwa mfano: Je, miezi hii mitatu ulisomewa mapato na matumizi ya kijiji? Kila mtu apite, atie punje moja debeni mkono ukiwa umefumbwa, na ile nyingine aifiche mfukoni. Kisha madebe yamwagwe kwenye mkeka mbele ya watu wote, yahesabiwe.

Kwa nini madebe mawili? Kwa sababu debe moja linaficha. Tuseme watu 100 wamepiga, 60 wamesema ndiyo. Mtasema mambo si mabaya. Lakini tukitenganisha, huenda akina baba 45 kati ya 50 walisema ndiyo, na akina mama 15 tu kati ya 50. Hapo mmejua jambo ambalo debe moja lisingewaambia. Pengine mapato yalisomwa jioni, saa ambayo akina mama wako jikoni. Sogezeni saa ya mkutano, kisha mpime tena baada ya miezi mitatu.

Mjue pia kwamba hiyo ni hesabu ya waliofika mkutanoni. Mgonjwa na mjane aliyeko shambani hawamo. Kwa jambo kubwa, chagueni nyumba kwa karata, mwende mkaulize huko huko.

MDADISI AKIJA

Tumalizie na mambo ya kukumbuka siku mdadisi atakapobisha hodi.

1. Mwulizeni ametoka wapi, aonyeshe kitambulisho na barua yake. Asiye na barua aelekezwe ofisi ya kijiji.

2. Una haki ya kukubali au kukataa. Una haki ya kuruka swali usilotaka kulijibu.

3. Aliyeangukiwa na karata akae na mdadisi mahali pa faragha. Mume, mke, jirani na mjumbe wa nyumba kumi wakae kando.

4. Usipofahamu swali, mwambie arudie polepole. Si aibu. Wengine tumezoea zaidi Kihangaza, Kishubi, Kizinza au Kisukuma.

5. Kama hujui, sema hujui. Lakini usiseme "sijui" kwa haya au kwa hofu, wakati jambo unalijua.

6. Mwulizeni: matokeo tutayaonaje? Mkulima hapimiwi kahawa yake akafichwa uzito.

Ndugu zetu, zamani tulitia dole gumba kwa sababu hatukujua kuandika. Leo tunaandika majina yetu. Basi isiwe tena kwamba mtu anajua kuandika jina lake, lakini jibu lake linatolewa na mwingine.

Tunawatakia kazi njema na mavuno mema.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mama anakoroga chungu kabla ya kuonja? Linganisha na namna ya kuchagua watu wa kuulizwa.

2. Katika kijiji chako, ni maswali gani ambayo akina mama wangeyajibu tofauti na akina baba?

3. Baraza la Ardhi la kijiji chako lina wanawake wangapi? Je, wanafika watatu?

4. Andikeni swali moja la kupima uongozi wa kijiji chenu kwa mahindi na maharage. Liwe swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa ndiyo au hapana.